Nimechagua kadi ndogo, na friji ya Mama bado inanguruma

Kamina, Jumanne, mwezi wa kumi, saa kumi alasiri

Leo jua limelegea kidogo. Wiki nzima joto lilikuwa lile la kungojea mvua: mbingu nyeupe, vumbi mpaka ndani ya sukari, wanafunzi wanasinzia mbele yangu kuanzia saa nne. Nimetoka shule saa saba, nimekula bukari na sombe, nimeketi. Nyuma ya ukuta friji ya Mama inanguruma. Sikujua kwamba sauti ya friji inaweza kumtuliza mtu hivi.

Nimechagua kadi ndogo.

Naanza na hilo ili anayesoma asikae na wasiwasi kama niliokaa nao mimi tangu Alhamisi. Mambo yameisha vizuri. Lakini namna yalivyopita, sitaki kuisahau, na sitaki kuisimulia kwa uongo.

Nina miaka thelathini na moja. Nafundisha hesabu shule ya sekondari, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, na ninacheza michezo ya kompyuta. Maneno hayo matano ya mwisho sijawahi kuyaandika popote kabla ya leo. Nimeyaandika, na paa halijaniangukia.

Mchezo wangu ni wa kujenga miji. Unapewa ardhi tupu na mto. Unaweka barabara, nyumba, bomba la maji, reli, na watu wanahamia wenyewe. Nilianza miaka miwili iliyopita, baada ya ndoa yangu kuvunjika kabla haijafungwa. Familia mbili zilishakutana, mahari yalishaongelewa, kisha yule bwana akaniandikia kutoka Kolwezi mistari minne kwenye simu kwamba amebadili mawazo. Kwa wiki kadhaa sikuweza kusahihisha hata daftari moja. Kwenye ule mchezo, ukiweka nyumba mahali fulani, kesho unaikuta palepale. Nilihitaji kitu cha namna hiyo.

Nyumbani nilisema kompyuta ni ya kazi ya shule, ya kuandikia mitihani na kujumlisha alama. Si uongo mzima, maana alama za wanafunzi zimo humo. Lakini Mama alikuwa akipita mlangoni kwa kunyata ili asinisumbue, akiamini nasahihisha, na mimi nilikuwa natandika reli.

Sasa, mji wangu ulikua mpaka kompyuta ikashindwa. Ni mashine ya zamani ya ofisini, haikutengenezwa kwa michezo. Wakazi walipofika elfu arobaini, picha ilianza kukatika. Treni ilikuwa hapa, halafu ghafla iko kule, kama mtu anayefunua albamu ya picha ukurasa kwa ukurasa. Kilichokosekana ni kadi ya grafiki, ile inayopachikwa ndani ya kompyuta kusaidia kuchora picha kwenye skrini.

Alhamisi alifika Dédé kwa treni ya Lubumbashi. Dédé ni mtoto wa shangazi yangu, anatengeneza kompyuta kule, na ni mtu pekee aliyejua siri yangu. Alileta kadi mbili zilizokwisha kutumika, kila moja ndani ya soksi. Nichague moja, alisema, nyingine ataiuza Lubumbashi. Treni yake ya kurudi ni Jumanne.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya giga nne, feni moja, nyepesi mkononi. Haikuhitaji waya wake wa umeme. Ilitosheka na kile kidogo inachopewa na kompyuta yenyewe. Ya pili ilikuwa ya giga nane, feni mbili, nzito kama mche wa sabuni, na ilitaka waya wake peke yake. Kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya kompyuta yangu kisingeiweza, kwa hiyo Dédé alikuja na kingine kikubwa zaidi. Bei zilikaribiana kwa sababu ile kubwa ilikuwa ya zamani zaidi. Basi bei haikunisaidia kuamua.

Niseme ukweli: nilikuwa nimeshaamua. Niliitaka kubwa. Nilimwambia Dédé nitajaribu zote mbili kwa haki, kama ninavyowaambia wanafunzi wafanye, lakini moyoni nilikuwa nimeshaipa ile kubwa nafasi ya kwanza na hata sikuwa nimeipachika bado.

Jumamosi asubuhi Dédé aliipachika, akanionyesha inawaka, akaenda kusalimia watu upande wa gare, kwenye kituo cha treni. Nikabaki peke yangu.

Hapa inabidi nieleze kuhusu Mama na samaki.

Mama amezaliwa Kinkondja, kando ya ziwa, na maisha yake yote ameuza samaki. Friji yake ya kugandisha inakaa katika chumba kilicho nyuma ya ukuta wa chumba changu. Umeme wa mji kwetu ni mgeni asiyetangaza siku ya kuja, kwa hiyo nyumba yetu inaishi kwa paneli za jua na betri, na convertisseur, kile kisanduku kinachougeuza umeme wa betri uweze kuendesha vitu vya nyumbani. Friji, taa, redio, kompyuta, vyote vinanyonya hapo.

Jumapili ilikuwa siku ya mwisho ya mkutano wa bamama wa kanisa, na wageni walitoka mpaka Malemba-Nkulu. Kamati ilimkabidhi Mama samaki wa karamu ya kufunga. Mabeseni mawili makubwa. Walifika Jumamosi hiyohiyo alfajiri kutoka Bukama, ndani ya barafu, Mama akawapanga mmoja mmoja kwenye friji kama anayelaza watoto. Akavaa kitenge chake kizuri akaenda mkutanoni. Mlangoni aliniambia jambo moja tu: "Usifungue-fungue."

Sikufungua. Nilifanya vibaya zaidi.

Nilipowasha mchezo na ile kadi kubwa, convertisseur ilipiga kelele, tiii, na nyumba nzima ikazimika. Nikaiwasha tena. Friji ikaanza kunguruma, mchezo ukafunguka, tiii, giza kwenye skrini. Mara ya tatu ni vilevile. Nilikaa nikiangalia ukuta. Mwalimu wa hesabu hakuhitaji kalamu. Kulikuwa na vitu viwili na nafasi ya kimoja.

Nikaenda nyuma nikachomoa friji. Nilijiambia ni nusu saa tu. Barafu ipo, mlango umefungwa, nusu saa haimdhuru samaki.

Mji wangu ulikuwa mzuri, siwezi kukana. Maji ya mto yaliwaka jua. Kila dirisha lilikuwa na kivuli chake. Treni ilitoka kituoni ikapinda kilima bila kuruka hata hatua moja, na mimi nikaifuata mpaka mwisho wa reli, nikaona panafaa daraja. Nikajenga daraja. Ng'ambo ya daraja palifaa mtaa mpya.

Baba aliporudi kutoka kwa wastaafu wenzake wa reli ilikuwa saa tisa. Nilikuwa nimechomoa friji saa tatu na nusu asubuhi.

Alisimama mlangoni mwangu, kofia mkononi. "Nyumba iko kimya," alisema. "Friji haiko inalia. Juu ya nini?"

Sijui niliruka vipi. Ninachokumbuka ni mikono yangu kwenye mfuniko wa friji, ile hewa isiyo baridi iliyonipanda usoni, barafu imegeuka maji ya rangi ya pinki, na samaki waliolainika chini ya vidole. Harufu ilikuwa bado ya ziwa, lakini mbali kidogo nyuma yake kulikuwa na harufu nyingine inayoanza.

Hapo ningeweza kusema convertisseur iliharibika. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lingeaminika. Naliandika hapa ili nijue kwamba lilikuwepo.

"Baba, ni minyi," nilisema, nikimwonyesha plagi iliyolala sakafuni. "Minyi njo nilitosha fiche ya friji. Nilikuwa nacheza."

"Unacheza nini?"

"Mchezo. Mu ordinateur. Si kazi ya masomo. Miaka mbili sasa, Baba, ninachezaka."

Baba aliweka kofia juu ya friji, akainama, akafungua shavu la samaki mmoja, akanusa. Mwingine, akanusa. "Haiyaoza," alisema. "Iko karibu, lakini haiyaoza. Ita mama yako. Weye mwenyewe umuite."

Simu ile ilikuwa nzito kuliko kadi yoyote. Mama aliposikia hakupiga kelele. Aliuliza saa ngapi nilichomoa. Nikamwambia. Akakata.

Alifika kwa pikipiki, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Hakunisalimia. Alimwaga samaki wote juu ya turubai uani, akawapitia kwa kidole gumba, tumbo, jicho, shavu, upesi kama mtu anayehesabu shanga. Saba wa chini kabisa aliwatupa pembeni. Nilihesabu kila mmoja alivyoanguka. Waliobaki aliwaangalia, akavua kitenge kizuri, akafunga kile cha jikoni.

"Leta bisu yote," alisema. "Na chumvi. Baba, washa makala kidogo, halafu uweke kuni mubichi juu. Nataka moshi, hapana moto."

Tulifanya kazi mpaka jua lilipozama, sisi watatu. Baba alitandika waya wa zamani juu ya matofali kuwa chanja. Mimi nilipasua na kuosha. Mama alitia chumvi na kupanga, akigeuza kila mmoja kwa wakati wake, na mikono yake ilijua kitu ambacho sikuwahi kukiona Kamina: mikono ya msichana wa Kinkondja, kabla hajapata friji wala mume wa reli. Halafu, bila kunitazama, aliuliza: "Ni juu ya yule muntu wa Kolwezi njo ulianza kucheza?"

Nikasema ndiyo.

"Ungeniambia. Ningekuwa napita pale mulango kama muntu, hapana kama mwizi."

Nililia, na moshi ulinisaidia kuficha. Nadhani ulimsaidia na yeye.

Kisha akaniambia adhabu yangu. Kamati ilitegemea samaki wabichi wa kukaanga, na sasa watapata wa moshi, na baadhi hawapo. "Weye njo utabaeleza bamama. Minyi siko na mudomo ya ile mambo."

Jumapili baada ya ibada nilisimama mbele ya kamati. Wanawake tisa. Katikati aliketi Mama Présidente, mjane mrefu, mkavu, ambaye hata mchungaji anapanga maneno yake kabla ya kumkaribia. Nilisema yote. Kadi, convertisseur, fiche, nusu saa iliyogeuka karibu saa sita.

"Mchezo ya namna gani?" aliuliza Mama Présidente.

"Ya kujenga miji, Mama."

"Kwa hiyo uko na mji."

"Iko, Mama. Bantu elfu makumi ine."

Nyuma yake mama mmoja wa Malemba-Nkulu alianza kucheka. Alijaribu kuzuia kwa kitambaa, kikashindwa. Kicheko kikapita kwenye benchi lote. Mama Présidente hakucheka. Alinyoosha kidole kuelekea jikoni, mahali ambapo sufuria za watu mia zilikuwa zimepandana, akasema: "Basi, Bourgmestre njo ataosha bintu yote."

Bourgmestre, yaani meya, nilikuwa mimi. Nikajibu kama tulivyofundishwa kuwajibu wakubwa, "Eyo, vidye," nikaenda.

Niliosha mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Na pale, mikono ndani ya majivu na mafuta ya mawese, nilijikuta nimepona mahali ambapo sikujua panauma. Kila mtu alijua. Hakukuwa na kitu cha kuficha tena. Mama mmoja alileta sufuria yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mchezo huo unapatikana kwenye simu.

Samaki, kwa taarifa, waliisha. Waliwapika kwa nyanya na mawese, na wa Malemba-Nkulu waliomba mapishi. Mama alijibu kwamba ni siri ya kwao. Nilimwona akitabasamu kidogo.

Jana, Jumatatu, Baba alitoa kisanduku chake cha kazi. Kwa miaka mingi alipanda nguzo za reli kutengeneza zile nyaya zinazoipa treni nguvu, na tangu astaafu sijamwona akigusa vifaa vyake. Alitoa pince yake ya kupimia umeme, ile inayouma waya kama mdomo wa kaa, na waya wa kurefushia aliouchana katikati ili ashike uzi mmoja tu. Dédé alikuwepo. Alianza kueleza kadi kubwa inavyochora maji, inavyochora vivuli.

Baba alimkata kwa upole. "Usiniambie ile kintu inafanya nini. Uniambie inakula ngapi."

Akapima mwenyewe. Kompyuta na kadi kubwa, mchezo umefunguliwa: zaidi ya watt mia tatu. Na kadi ndogo: mia na arobaini hivi. Kisha friji. Alinifundisha kitu ambacho nilipaswa kukijua: friji inaponguruma tu inakula kidogo, lakini sekunde ile inapoanza inavuta mara nyingi zaidi, kama treni inapong'oka kituoni. Ni pale ndipo convertisseur yetu ilipokuwa inakata tamaa. Tukaweka kadi ndogo, tukafungua mji wote, na Baba akachomeka friji. Taa ilififia kidogo, ikarudi. Friji ilinguruma. Skrini ilibaki.

Tulirudia mara tano. Ilibaki mara tano.

Na treni zangu je? Zinakwenda. Vivuli nimevipunguza, maji hayawaki jua kama Jumamosi, ukisogea karibu sana nyuso za watu hazionekani vizuri. Lakini treni inatoka kituoni na kupinda kilima bila kuruka. Niliitazama mzunguko mzima nikitafuta ninachokikosa. Kwa dakika kadhaa nilikikosa kweli. Kisha nikasahau kukitafuta.

"Dada, unaacha simba unachukua paka," alisema Dédé, akirudisha kadi kubwa ndani ya soksi.

"Paka njo anakaaka na bantu mu nyumba," alisema Baba, na macho yake hayakutoka kwenye skrini. Alikuwa ameona njia ya pembeni niliyoiunganisha vibaya karibu na kituo. Kwa nusu saa alinielekeza namna ya kuirekebisha. Sijamsikia akiongea mfululizo hivyo tangu astaafu.

Leo asubuhi kabla ya shule tulimsindikiza Dédé. Treni iliondoka ilipotaka, lakini iliondoka.

Na hapa ningefunga kompyuta, ila muda mfupi uliopita Mama aliingia. Hakunyata. Alivuta kiti akakaa karibu nami, miwani puani, akaangalia mji wangu kutoka juu, barabara, shule, kanisa nililoweka kwenye kilima, reli. Aliangalia kwa uangalifu uleule anaotumia kuangalia samaki wa mtu mwingine.

"Uko muzuri," alisema. "Lakini soko iko wapi?"

Nilitafuta. Mtaa kwa mtaa, mpaka ng'ambo ya daraja. Nimeweka maduka makubwa mawili, kwa sababu mchezo uliyaomba. Soko halipo. Watu elfu arobaini, miaka miwili, na hakuna hata mahali pamoja ambapo mwanamke anaweza kuweka beseni lake chini na kuita wateja.

Mama aliondoka kwenda kuangalia friji. Mimi nimebaki na swali lake.

Kesho nikimaliza kipindi cha mwisho nitabomoa maegesho ya magari mbele ya kituo. Ni pakubwa, pana kivuli, na treni zinashusha watu palepale. Nitamwita aje achague mwenyewe upande wa kukaa wauza samaki.